Nimerudi kwenye mvi zangu: saluni moja ya Mwanga, Kigoma

Kama unatafuta pa kutolea weusi wa kupaka hapa Kigoma bila kuunguzwa kichwa, nenda saluni ndogo iliyo jirani na soko la Mwanga, ile yenye pazia la kijani. Ila soma hadi mwisho kwanza.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Mvi ninazo zamani, nikizifunika kwa rangi nyeusi ya pakiti. Sasa nazitaka zionekane. Mzee wangu anasema nitamzeesha na yeye, shauri yake.

Kwingine nilikopita walikuwa wameshakoroga blichi kabla sijakaa. Kichwa changu kina dawa ya kulainisha, na nywele zenye dawa zikipigwa blichi hukatika kama tambi. Binti wa Mwanga aliuliza kwanza: "Shikamoo mama. Ulikuwa unapaka pakiti, kanta au hina?" Hina nyingine za unga huchanganywa na chumvi za madini, nazo hazipatani na peroksaidi, ile dawa ya kupausha inayokorogwa na blichi na rangi za pakiti. Kisha akakata kishungi nyuma ya sikio, akakijaribu kwenye kikombe. Hapo akanipata.

Dawa yake anaagiza Dar, na si blichi. Inazivunja chembe za rangi zilizojijenga ndani ya unywele, zinakuwa ndogo, zinatoka kwa maji. Inanuka mayai viza, kwa hiyo usivae khanga ya mtoko. Mvi hazina rangi ya asili ya kupoteza, ndiyo maana imenifaa. Msichana mwenye nywele za kahawia aliyepaka nyeusi asitegemee makubwa: peroksaidi ya kwenye pakiti huwa imeshapausha ile kahawia yake, na dawa hii hairudishi kilichokwisha kuondoka. Atatoka na wekundu wekundu.

Sasa maji. Kusuuza ndiyo kazi yenyewe, maana chembe zikibaki, hewa inazijenga upya na weusi unarudi. Siku yangu bomba lilikuwa kavu. Binti akaanza kunisuuza kwa kikombe, kwa kubana, hadi nikamwita kijana wa bodaboda alete madumu, nikalipa mwenyewe. Anayeuza huduma hii anakosaje simtanki? Nyota moja nimeiondoa hapo.

Karibu na ngozi nimetoka mweupe wenye umanjano kidogo, napendeza. Ncha, zilizopakwa tabaka juu ya tabaka, zimebaki rangi ya kutu. Alinieleza hilo kabla hajapokea hela: nizipunguze taratibu, maana nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi. Nimezikata zote palepale. Mwezi kwa mwezi nani ana muda huo?

Elfu arobaini, madumu mbali. Jumamosi usiende, ni siku ya maharusi na benchi ni gumu. Siku nyingine piga simu asubuhi uulize maji. Ukijibiwa "yanakuja", endelea na shughuli zako.