ThinkPad T420 kama seva ya nyumbani: uzoefu wangu kutoka Debian 11 mpaka 13

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza la kila anayeiona pale juu ya kabati. Shilingi 250,000, Kariakoo, mwanzoni mwa 2022. Lenovo ThinkPad T420, laptopu ya mwaka 2011, prosesa i5-2520M yenye kore mbili, RAM GB 4, na diski ya kuzunguka ya GB 320 iliyokuwa inakoroma kama mzee aliyeshiba. Kibodi ilikosa vitufe viwili na kioo kilikuwa na doa kwenye kona, ndiyo maana bei ikashuka. Mimi wala sikuhitaji kibodi wala kioo. Nilitaka seva, yaani kompyuta ya kuwaka usiku na mchana ikihudumia vifaa vingine vya nyumbani.

Muuzaji alinisukumia sana Dell ya mezani, kubwa, yenye nguvu kuliko hii. Nilikataa kwa sababu moja: huku Tabata umeme hukatika bila kupiga hodi. Kompyuta ya mezani ingenilazimu kununua UPS, ile betri ya dharura, na UPS ya maana ilikuwa inakaribia bei ya kompyuta yenyewe. Laptopu ina UPS yake tumboni. Umeme ukikata, seva inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, na ikibaki na chaji kidogo inajizima yenyewe kwa adabu. Tangu 2022 sijawahi kuamka na kukuta mfumo wa faili umeharibika, na mtaani kwetu hilo si jambo dogo.

Jambo la pili ni LUKU, yaani gharama ya umeme. Nilichomeka kile kipima umeme cha ukutani: ikiwa imetulia, T420 inakula wati 15 hivi. Kwa mwezi ni uniti kama 11, na kwa uniti inayonigharimu shilingi 350 na kidogo, haifiki shilingi 4,000. Rafiki yangu mwenye kompyuta ya mezani ya umri unaokaribiana alipima ya kwake akakuta wati 38 bila kazi yoyote, yaani karibu shilingi 10,000 kwa mwezi. Tofauti hiyo kwa mwaka inanunua RAM na chenji inabaki.

Kabla ya kuweka programu yoyote niliifungua. Fanyeni hivyo, tafadhali. Kati ya feni na zile bati nyembamba za kupozea kulikuwa na blanketi la vumbi, nzima kabisa, unaweza kuibandua kama ukoko wa wali. Ile dawa inayopakwa juu ya prosesa ilikuwa imekauka kama chokaa. Nikasafisha kwa brashi na spiriti, nikapaka mpya. Kabla ya hapo, ikipewa kazi kidogo tu, joto lilikuwa linafika nyuzi 90. Baada ya hapo halikuvuka 70, na hiyo ni katika Januari ya Dar, dirisha wazi, bila kiyoyozi.

Nikaweka SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka) ya GB 240 mahali pa ile diski iliyokuwa inakoroma. Palipokuwa na CD nikaingiza kifremu cha kushikilia diski ya pili, TB 1, ya kuzunguka, kwa ajili ya picha na filamu. RAM nikaipandisha mpaka GB 12. Hapa SSD ndiyo iliyobadilisha kila kitu. RAM ilikuwa tamaa yangu tu, kwani kwa kazi nyingi seva haikuwa inavuka GB 2.

Kuhusu SSD nina donda. Ya kwanza niliyonunua iliandikwa GB 480, bei ya kutupa, na duka silitaji. Kitu fulani moyoni kikaniambia niipime. Debian, mfumo wa Linux unaoendesha seva yangu, ina programu ndogo inaitwa f3: inaijaza diski yote kwa data, halafu inaisoma upya kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichopo. Ikaniambia zilizo za kweli ni GB 60 na ushee. Zilizobaki ni maneno ya kwenye stika. Nilirudi dukani na laptopu mkononi, nikamwonyesha kijana matokeo. Akasema, “Kaka, hizo programu zenu za Linux haziielewi hii SSD.” Tulibishana mpaka adhana ya magharibi. Nilirudishiwa nusu ya hela.

Kazi zenyewe ni za kawaida. Syncthing inavuta picha kutoka kwenye simu zetu. Samba ni ya faili za duka la mke wangu. Jellyfin ni ya filamu. Pi-hole inazuia matangazo. Kiwix imebeba Wikipedia ya Kiswahili ili watoto wasome hata bando likiisha, na nimeweka apt-cacher-ng ili kifurushi cha Debian kikishashushwa mara moja, kompyuta nyingine za nyumbani zikipate bila kugusa bando tena. Pia kuna WireGuard, inayoniunganisha na nyumbani nikiwa kazini Dodoma. Intaneti yetu ni ya laini ya simu, haina anwani ya kudumu inayofikika kutoka nje, kwa hiyo nimekodi mashine ndogo ya bei nafuu huko nje ambayo simu na seva zote mbili hukutana kwake.

Laptopu ikifungwa kifuniko kwa kawaida hulala. Ili isilale, kwenye /etc/systemd/logind.conf unaandika HandleLidSwitch=ignore. Na ili betri isivimbe kwa kukaa kwenye chaja mwaka mzima, programu iitwayo TLP inakuruhusu kuweka kikomo; yangu inaacha kuchaji ikifika asilimia 80. Hilo la pili nilichelewa kulijua, nitalirudia.

Nilianza na Debian 11. Kupanda kwenda 12, mwishoni mwa 2023, kulichukua jioni moja na sina mengi ya kusimulia. Debian 12 ilitenga vifurushi vya fimwea (programu ndogo zinazoendesha vipande vya mashine) kwenye sehemu mpya iitwayo non-free-firmware, nisingeiongeza kwenye orodha ya apt, kisakinishi cha Debian, basi mikrokodi ya prosesa na fimwea ya waifai zisingesasishwa tena. Na pip, kisakinishi cha programu za Python, ilikataa kusakinisha kitu moja kwa moja kwenye mfumo, ikadai mazingira yake ya pembeni. Nikanuna kidogo, nikaitii.

Debian 13 ndiyo iliyonifundisha adabu.

Ilitoka tarehe 9 Agosti 2025. Mimi nilisubiri mpaka Novemba, ndiyo kawaida yangu, wenye haraka watangulie. Nikanunua bando la usiku, nikakaa mbele ya mashine na kibodi ya nje, nikafungua tmux ili hata muunganisho ukikatika kazi iendelee. Kwanza nikaisasisha kabisa Debian 12. Hili usiliruke kama unafanya kazi kwa mbali kupitia SSH, kwa sababu toleo la zamani la openssh, programu inayopokea miunganisho hiyo, linaweza kukataa miunganisho mipya katikati ya safari, ukabaki nje ya nyumba yako mwenyewe. Kisha nikabadilisha bookworm (jina la Debian 12) kuwa trixie (la Debian 13) kwenye orodha, nikazima hazina ya Jellyfin kwa muda, nikaanza: apt upgrade --without-new-pkgs, halafu apt full-upgrade.

Zilishuka kama GB 1.3. Saa saba usiku, nikiwa na chai yangu, terminali ikaandika mstari ambao hakuna anayetaka kuuona: No space left on device. SSD ilikuwa na zaidi ya GB 150 tupu. Nikaitazama kama mtu aliyeambiwa hana hela huku pochi imejaa.

Kilichojaa kilikuwa /boot, sehemu ya diski yenye faili za kuwashia mashine. Mwaka 2022, wakati wa kusakinisha, nilichagua LVM (njia ya kugawa diski), na kisakinishi kikaitenga /boot peke yake, MB 500 hivi. Wakati ule zilitosha. Lakini keneli, yaani kiini cha mfumo, na fimwea zimekuwa zikinenepa toleo hadi toleo, na maelezo ya Debian 13 yanasema wazi kwamba /boot iwe angalau MB 768, na MB 300 kati yake ziwe wazi. Maelezo hayo niliyasoma siku iliyofuata. Humo ndani nilikuwa bado nimehifadhi keneli 5.10 ya Debian 11, pamoja na 6.1 mbili, na sasa 6.12 inagonga mlango.

Katika hali hiyo usiwashe upya mashine. Vifurushi vimesakinishwa nusu, na keneli mpya haina initrd, faili la madereva inalohitaji ili kuwaka, iliyokamilika. Niliondoa keneli za zamani kwa apt purge, nikabakiza ile 6.1 iliyokuwa inatumika. Halafu kwenye /etc/initramfs-tools/initramfs.conf nikabadilisha MODULES=most kuwa MODULES=dep, ili initrd ibebe madereva ya mashine hii tu badala ya kila kilichowahi kutengenezwa duniani. Ikapungua sana. Ubaya wake ni kwamba ukihamishia diski hiyo kwenye kompyuta nyingine huenda isiwake. Kisha dpkg --configure -a, halafu full-upgrade tena, na saa tisa kasoro ikawaka na keneli 6.12 kama vile haikutokea kitu. Mke wangu aliamka kunywa maji, akanikuta nimekodolea macho maandishi meupe. “Hiyo mashine yako inalala lini?” akauliza. Nikamwambia ndiyo maana ya seva. Hakuridhika na jibu.

Wiki moja baadaye, nikiwa Dodoma, nikataka kuangalia kamera ya getini. Haikufunguka. Seva yenyewe naiona kupitia WireGuard, SSH inaingia, Jellyfin inafunguka, lakini kamera, ambayo iko kwenye mtandao uleule wa nyumbani, kimya. Nikampigia shemeji aliyekuwa pale nyumbani: “Shem, samahani, hebu niangalizie kamera ya getini inawaka taa?” Inawaka. Akaichomoa, akaichomeka. Vilevile. Akabadilisha waya. Vilevile. Akaniambia kwa upole kwamba ugali unapoa.

Nikawasha tcpdump, programu ya kutazama pakiti za mtandao, pande mbili. Kwenye wg0, mlango wa WireGuard, pakiti zinaingia, kwenye enp0s25, upande wa nyumbani, hakuna hata moja inayotoka. Yaani seva inazipokea halafu inazikalia. Nikauliza thamani ya net.ipv4.ip_forward, jibu likaja: 0. Huo ndio mpangilio unaoiruhusu mashine kupitisha pakiti za wengine. Mimi niliuandika kuwa 1 kwenye /etc/sysctl.conf mwaka 2022, na katika Debian 13 systemd, programu inayowasha mfumo, haisomi tena faili hilo wakati wa kuwaka. Inasoma yaliyomo kwenye /etc/sysctl.d. Nikatengeneza faili humo lenye mstari uleule mmoja, nikawasha upya, kamera ikafunguka. Geti lilikuwa wazi, kwa taarifa yenu. Shemeji alipotoka kuangalia kamera hakulifunga.

Lingine dogo: sasa /tmp, folda la faili za muda, inakaa kwenye RAM. Skripti yangu ya bekapu ilikuwa inafungasha kila kitu kwenye /tmp kabla ya kukipeleka kwenye diski ya nje, na ghafla ikaanza kugoma, maana /tmp haichukui zaidi ya nusu ya RAM. Unaweza kuirudisha kwenye diski kwa systemctl mask tmp.mount. Mimi niliamua kurekebisha skripti. Mwenye RAM GB 4 aliwaze hili kabla hajapanda.

Katika kasoro zote hizi hakuna hata moja niliyoweza kuisingizia umri wa mashine. Zote ni vitu nilivyoviweka mwenyewe nikavisahau. Sasa nina daftari, la karatasi kabisa, liko chini ya laptopu, na kila faili la mpangilio ninalogusa naliandika humo na tarehe yake.

Uzee wa kweli unaonekana sehemu moja: video. Chipu hii haijui HEVC, mbinu ya kubana video inayotumiwa na simu mpya, hata kidogo. Video za simu mpya zikichezwa kwenye runinga au simu inayoielewa HEVC, seva inatuma faili tu na inasinzia. Ila mtu akifungua kwenye kivinjari kisichoielewa, Jellyfin inalazimika kuibadilisha papo hapo kwa prosesa, kore zote zinafika asilimia 100, feni inapiga kelele, na picha bado inakatakata. Kama familia yako inatazama zaidi kwa njia hiyo, tafuta mashine ya miaka ya karibuni zaidi. Siku hizi zipo nyingi sokoni, maana Windows 10 ilifikia ukomo tarehe 14 Oktoba 2025 na ofisi nyingi zinaachana na kompyuta ambazo Windows 11 haizikubali. Kwa Linux bado ni vijana. Ila hakikisha ni ya biti 64: Debian 13 haina tena kisakinishi wala keneli ya kompyuta za biti 32.

Sasa nirudi kwenye betri. Mwaka mzima wa kwanza niliiacha ikichaji mpaka 100, na imelipa kisasi. Ilikuwa inakaa saa moja na dakika 40, leo ni dakika 35, na ruta yenye betri yake ndogo pembeni inadumu kuliko seva. Nimeagiza nyingine, ya seli 9. Hizo huchomoza kwa nyuma ya laptopu, na nimepima kabati kwa rula: imebaki nafasi ya sentimita mbili kabla ya kufika kwenye vyombo vya wageni. Mazungumzo na mwenye vyombo yanaendelea.