Uzoefu wangu na EV3: kuendesha roboti kwa arei, sio kwa msururu wa bloku

Nafundisha klabu ya roboti ya watoto wa shule na tunatumia LEGO Mindstorms EV3, seti ya LEGO ya kujenga na kuprogramu roboti, ile iliyotoka 2013. LEGO walishasitisha laini nzima ya Mindstorms mwisho wa 2022, lakini hizi seti bado zipo mashuleni na za mtumba zinapatikana, so kwa mwenye nayo au anayefikiria kununua naandika kuhusu kitu kimoja tu ambacho watu wengi wanakipita, yaani arei (orodha ya thamani zilizopangwa kwa mstari) kwenye ile programu ya EV3 Lab ya kuburuta bloku (vipande vya amri kwenye skrini) na kuunganisha nyaya za kuchora, iliyojengwa juu ya LabVIEW, lugha ya kuprogramu kwa michoro.

Kawaida mtoto akitaka roboti izunguke chumba anapanga bloku za kijani za mwendo moja baada ya nyingine, mbele, kulia, mbele, kushoto, mpaka inabidi askroli skrini nzima kutafuta kona moja iliyokosewa. Kwa arei unaweka safari yote ndani ya bloku ya variabo (ya kuhifadhia thamani), ile nyekundu yenye picha ya sanduku la safari. Sisi tunatumia mbili. Ya kwanza ya usukani, mfano [0;100;0;-100;0], ambapo 0 ni kunyooka, 100 ni kugeukia kulia palepale ulipo, -100 kushoto. Ya pili ya digrii za mota, [1023;200;512;200;1023]. Hiyo 1023 imetoka kwenye hesabu: tairi la seti ya elimu lina kipenyo cha milimita 56, mzunguko mmoja ni kama sentimita 17.6, kwa hiyo nusu mita inakuja digrii 1023 hivi. Ile 200 ya kona ni ya roboti yetu, ya kwako ipime mwenyewe maana inategemea umbali kati ya tairi na tairi, na sakafu pia.

Halafu ni lupu moja tu, yaani bloku inayorudia kilicho ndani yake. Ndani yake bloku ya Array Operations inasoma usukani, nyingine inasoma digrii, zote mbili zinapewa namba ya nafasi ya kusoma na ule waya wa hesabu ya lupu, zinamwaga kwenye bloku moja ya mwendo, basi. Uzuri lupu inaanza kuhesabu 0 na arei nayo inaanza 0, hakuna kujumlisha wala kutoa. Idadi ya kurudia usiiandike kwa mkono, chukua urefu wa arei uuingize kwa waya, mtoto akiongeza hatua lupu inajua yenyewe. Hapa ndipo nilipoipenda kabisa, kwa sababu watoto walianza kubishana kuhusu njia ya roboti badala ya kubishana kuhusu bloku!

Kama inakosea, weka bloku ya kusubiri batani mwanzoni mwa lupu na uonyeshe namba ya hatua kwenye skrini ya roboti. Unabonyeza, inafanya hatua moja, inasimama, unabonyeza tena. Ukiwa umeunganisha USB unaweza pia kupeleka mausi juu ya waya ukaona thamani inayopita pale wakati programu inakimbia, mimi kwa kufundisha sijaona kitu kizuri kuliko hicho, mtoto anaiona namba kwa macho yake.

Tamu zaidi ni kurekodi. Unaanza na arei tupu, mtoto anabonyeza batani za roboti yenyewe, 4 ni juu, 5 chini, 1 kushoto, 3 kulia, kila moja inaongezwa kwenye arei, akibonyeza 2 ya katikati lupu ya kurekodi inaisha na ya pili inasoma namba moja moja na bloku ya swichi inachagua mwendo kulingana na namba hiyo. Chagua ile hali ya kubonyeza na kuachia, la sivyo bonyezo moja linaweza kuingia mara nyingi. Na hili ndilo linalokwamisha wengi: bloku ya kuongeza haibadilishi variabo, inatoa arei mpya kwenye waya wake, lazima uirudishe kwenye variabo kwa mkono wako, usipofanya hivyo kila mzunguko unaanza na tupu.

Mipaka ipo. Arei ni za namba au za kweli/si kweli tu, hakuna za maneno, na huwezi kuweka arei ndani ya arei, ndio maana tunabeba mbili sambamba. Mtoto akifuta hatua kwenye moja akasahau nyingine roboti inageuka pasipo kona. Unaweza kuzichanganya kwenye moja, usukani digrii usukani digrii, ukasoma nafasi ya hesabu ya lupu zidisha mbili kwa usukani, na ya hesabu hiyo zidisha mbili jumlisha moja kwa digrii, lupu ikarudia nusu ya urefu, inafanya kazi ila kwa wadogo ni nzito, wasubirishe mpaka waizoee njia ya arei mbili. Na anayehamia EV3 Classroom, programu nyingine ya LEGO ya EV3, ajue kule ni mtindo wa Scratch (lugha ya watoto ya kupachika bloku), orodha zinaanza 1, kwa hiyo usinakili hesabu zako za 0 kama zilivyo.