Mtelezo wa maji: uishie bwawani au kwenye mfereji?

Mtelezaji atue bwawani, au asimamishwe na mfereji mrefu wa faiba (plastiki ngumu yenye nyuzi za kioo) wenye maji ya kina kifupi?

Kwa nafasi, bwawa linashinda: moja hupokea mitelezo kadhaa, mradi midomo ya mitelezo hiyo iachane vya kutosha. Mfereji hudai urefu, na kila mtelezo unataka wa kwake.

Kwenye usalama ndipo penye maneno. Bwawani, asiyejua kuogelea hubabaika hata maji yakiishia kifuani, na anayechelewa kuondoka hugongwa mgongoni na anayefuata. Kwa hiyo mwokoaji hakai mbali na pale. Mferejini mtu husimama, akatoka. Lakini maji yale ndiyo breki: yakipungua, mtelezaji hupitiliza kwa kasi hadi mwisho. Kina hupimwa kila asubuhi kabla ya kufungua, si kwa kukisia.

Matunzo? Bwawa hula klorini na umeme wa pampu. Mfereji una viungio vya faiba, vikiachana huchana ngozi.

Mwenye kiwanja finyu na waokoaji wa kutosha ajenge bwawa. Hoteli inayopokea watoto na wazee, au yenye mtelezo mkali, ningeipa mfereji.