Besiboli ya Rice: kiwanja cha kuvutia, hesabu isiyotoka

Ukishuka treni ya Red Line kwenye hospitali za Texas Medical Center, Houston, ukavuka barabara ya Main, unaingia Reckling Park, nyumbani kwa Rice Owls, timu ya besiboli ya Chuo Kikuu cha Rice. Kiwanja kilifunguliwa mwaka 2000 na hadi leo ni cha kustarehesha: viti viko karibu na mchezo, maghorofa ya hospitali yanaonekana kutoka jukwaani, na mlio wa gongo la alumini unakufikia kabla hujajua mpira umeelekea wapi. Kwa kiwanja, tunatoa alama zote. Huduma nyingine zinazouzwa hapo, yaani ushindi kwa shabiki na nafasi kwa kijana anayetaka kusoma na kucheza, ndizo zenye maneno.

Tuanze na kipimo chenyewe, maana Rice haipimwi kama chuo chochote kidogo. Ni chuo kikuu binafsi chenye wanafunzi wa shahada ya kwanza elfu nne na ushee. Kocha Wayne Graham alipoanza kuifundisha timu msimu wa 1992, akitokea San Jacinto College ambako alishachukua mara tano ubingwa wa taifa wa vyuo vya miaka miwili, Rice haikuwahi kukanyaga michuano ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani. Ilikanyaga 1995, na haikukosa tena hadi 2017. Hiyo ni miaka 23 mfululizo. Kule Omaha, Nebraska, zinakochezwa fainali za timu nane, ilifika mara saba kati ya 1997 na 2008. Mwaka 2003 ilishinda michezo 58 na kupoteza 12, na mchezo wa mwisho kabisa ikaichapa Stanford 14–2, Philip Humber akirusha kuanzia mwanzo hadi mwisho. Lance Berkman na Anthony Rendon, waliokuja kuwa nyota wa ligi ya kulipwa, walipita hapo.

Graham aliondoka 2018. Akaja Matt Bragga, akakaa misimu mitatu. Akafuata José Cruz Jr., nyota wa zamani wa chuo hicho hicho aliyechaguliwa namba 3 kwenye drafti ya 1995, yaani zamu ya timu za kulipwa kuchagua vijana. Machi 2025, timu ikiwa imeshinda michezo miwili na kupoteza 14, naye akaondolewa. Usukani akapewa David Pierce, aliyewahi kuwa msaidizi wa Graham kabla ya kuwa kocha mkuu wa Chuo Kikuu cha Texas. Makocha wanne ndani ya miaka saba, na hadi msimu wa 2025 unafungwa hakuna hata mmoja aliyeirudisha timu NCAA tangu 2017.

Mashabiki wengi wanamalizia hapo hapo: kocha, kocha, kocha. Makocha wana sehemu yao, lakini anayebadilisha kocha bila kugusa mfuko anabadilisha mpishi huku unga ni ule ule.

Mfuko wenyewe ulikuwa hivi. Kwa miaka mingi NCAA iliruhusu timu ya besiboli ya daraja la kwanza ufadhili wa masomo 11.7 tu. Huo uligawiwa wachezaji wasiozidi 27, na kila aliyeguswa alitakiwa kupata angalau asilimia 25. Kuku mmoja, wageni 27. Ukigawa sawasawa, kila mmoja anapata asilimia 43 hivi. Ukitaka kumpa mrushaji wa Ijumaa, yaani bora wako, asilimia 80, kuna wenzake wawili watatu watakaobaki na robo.

Sasa weka bei. Tuseme gharama yote ya mwaka katika chuo binafsi ni dola 80,000, na katika chuo cha serikali, kwa mkazi wa jimbo hilo, ni 30,000. Mchezaji akipewa robo, kwenye chuo binafsi familia inabakiwa na dola 60,000 za kulipa. Kwenye chuo cha serikali, 22,500. Kwa miaka minne tofauti inafika dola 150,000. Kocha wa Rice anaweza kukaa sebuleni kwa mzazi, akaongea vizuri kuhusu shahada na maktaba, lakini mzazi ana kalkuleta kwenye simu. Na kuna majimbo yenye fedha za bahati nasibu au za serikali zinazomlipia mkazi ada akiwa na alama nzuri, kama HOPE ya Georgia na TOPS ya Louisiana. Kocha wa chuo cha serikali kule anaanza mbio akiwa hatua kumi mbele.

Chuo binafsi kina mlango mmoja wa kutokea, nao ni msaada unaotolewa kwa kuangalia kipato cha familia. Msaada huo hautolewi kwa sababu mtu anacheza; anaupata mwanafunzi yeyote anayestahili. Vanderbilt, ambayo nayo ni chuo binafsi, iliondoa mikopo kwenye msaada wake kuanzia 2009, na katika miaka iliyofuata ikachukua ubingwa wa taifa mara mbili, 2014 na 2019. Hatusemi msaada ndio uliopiga hom-rani, ila ulipanua orodha ya vijana wanaoweza kukubali. Rice ilitangaza mpango wake mwaka 2018, Rice Investment: familia yenye kipato cha dola 65,000 hadi 130,000 inafutiwa ada yote, iliyo chini ya 65,000 inafutiwa ada pamoja na chumba na chakula, na iliyo kati ya 130,000 na 200,000 inapata nusu ya ada. Viwango vimepandishwa tangu hapo. Kwa timu ya besiboli, huu ulipaswa kuwa mtaji mkubwa kuliko kocha yeyote aliyeajiriwa baadaye. Tatizo ni kwamba besiboli ya vijana Marekani imekuwa mchezo wa wenye nacho: timu za kusafiri, makocha wa kulipia, mashindano ya kila wikendi. Anayefika akiwa tayari kwa daraja la kwanza mara nyingi baba na mama wana kipato kilichovuka mstari wa msaada, lakini hakifikii kulipa dola 60,000 kwa mwaka bila kuumia. Huyo wa katikati ndiye wanayemkosa.

Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano ya kesi ya House, ya wachezaji dhidi ya NCAA, na kwa vyuo vilivyojiunga nayo kikomo cha 11.7 kikafutwa. Badala yake kuna kikomo cha kikosi: wachezaji 34, na wote wanaweza kulipiwa asilimia mia. Inasikika kama ukombozi. Kwa bei zetu za mfano, kulipia 34 kwenye chuo cha serikali ni dola milioni 1.02 kwa mwaka. Kwenye chuo binafsi ni milioni 2.72. Na usidhani chuo kinajisamehe. Kwa kawaida idara ya michezo inalipa ada hiyo kwenye akaunti za chuo kama ankara nyingine yoyote, na fedha hizo hizo zinawaniwa na timu za futiboli ya Marekani na mpira wa kikapu. Rice ni chuo tajiri, amana yake inahesabiwa kwa mabilioni, lakini sehemu kubwa ya amana ya chuo huja na masharti ya mtoaji. Huwezi kuchota humo kumnunua mpigaji wa nafasi ya nne, yule mwenye nguvu kuliko wote.

Kununua ni neno halisi siku hizi. Tangu Julai 2021 mchezaji anaweza kulipwa kwa matumizi ya jina na sura yake. Mwaka huo huo wachezaji wa besiboli wakaruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje msimu mzima, na tangu 2024 wanahama kadiri wapendavyo mradi masomo yao yako sawa. Drafti nayo, iliyokuwa na raundi 40 hadi 2019, ilibaki na raundi 20 kuanzia 2021, kwa hiyo vijana wengi wazuri wanabaki vyuoni wakitafuta dau. Chuo chenye wahitimu wachache kina wachangiaji wachache. Texas A&M ina wanafunzi zaidi ya 70,000 kwa wakati mmoja; hesabu wahitimu wao wa miaka 30 uone nani atachangisha haraka zaidi. Mrushaji akija Rice anarusha kilomita 140 kwa saa, akafundishwa vizuri, mwaka wa pili akafikia 150, simu ya chuo cha ligi kubwa inapigwa kabla Juni haijaisha.

Na kumjaza mbadala wake si rahisi, kwa sababu isiyozungumzwa sana. Dirisha la uhamisho linafunguliwa kwa takriban mwezi mmoja baada ya msimu. Ndani ya muda huo chuo chenye masharti makali kinataka kuona matokeo ya kila somo, na baadhi ya masomo aliyosoma kijana kwingine hayahesabiki. Aliyebakiza mwaka mmoja wa shahada anajikuta amebakiza miwili. Chuo jirani kinamjibu baada ya siku tatu. Hapa faili bado liko ofisi ya udahili. Graham alijenga jina lake akitokea kwenye vyuo vya miaka miwili. Leo kijana wa chuo cha miaka miwili ndiye mgumu zaidi kumpitisha kwenye udahili wa Rice.

Ligi nayo imeshuka ngazi kwa ngazi. Southwest Conference, ligi ya vyuo aliyokuwamo Rice, ilipovunjika 1996, Texas, Texas A&M, Baylor na Texas Tech zilikwenda Big 12, moja ya ligi kubwa; Rice ikaenda ligi ndogo ya WAC, kisha Conference USA mwaka 2005, kisha American mwaka 2023. TCU, chuo binafsi cha Texas kilichoachwa nje pamoja nao, kilipanda Big 12 mwaka 2012 na kikafika Omaha miaka minne mfululizo, 2014 hadi 2017. Hiyo ndiyo jozi bora ya kulinganisha kuliko Vanderbilt. Mkataba wa televisheni wa ligi unalipa makocha wa ziada na vifaa, na kucheza na timu ngumu kunapandisha alama zako za kuchaguliwa kwenye timu 64 za michuano ya NCAA. Kwenye ligi ya kati, njia ya uhakika ni kushinda mashindano ya ligi, na ndivyo Rice ilivyojiokoa 2017 baada ya kuanza msimu vibaya.

Ukitaka kuona haya yote kwa macho bila karatasi, nenda mchezo wa Jumanne. Wiki ya kawaida ina michezo minne: mmoja katikati ya wiki, na mitatu Ijumaa hadi Jumapili. Kila mchezo unahitaji kuwatoa wapinzani 27, jumla 108. Kila awamu moja ni kuwatoa watatu, kwa hiyo warushaji watatu wa wikendi wakimaliza awamu sita kila mmoja wamekupa 54. Nusu nyingine inatoka kwa wale wengine. Wakimaliza awamu nne tu, wamekupa 36, na 72 zinabaki mikononi mwa vijana uliowapa robo ya ufadhili au hukuwapa kitu. Jumanne utamwona: anaingia awamu ya saba, mpira wa kwanza unapita nje ya goti, wa pili juu, mdakaji anasogea karibu na sahani, anaposimama mpigaji, na kumwonyesha glovu katikati kabisa kana kwamba anamwambia irushe popote tu. Mipira minne mibovu, besi ya bure. Anayefuata, besi ya bure. Halafu anaogopa kutoa ya tatu, anairusha katikati polepole, na gongo linafanya kazi yake. Mishono ya mpira wa vyuo ilipunguzwa kimo kuanzia msimu wa 2015, unaruka mbali zaidi, na timu iliyozoea kushinda 3–2 kwa urushaji ndiyo iliyoumia.

Kuna pia doa la mikono. Humber, Jeff Niemann na Wade Townsend walichaguliwa namba 3, 4 na 8 kwenye drafti ya 2004, jambo la ajabu kwa timu moja, na wote watatu walikuja kupitia kisu cha daktari. Warushaji wa kila chuo wanafanyiwa upasuaji, lakini sifa ya namna hiyo hukaa masikioni mwa wazazi muda mrefu.

Kwa familia za Waswahili walioko Texas zenye kijana anayecheza, ushauri wetu ni kwamba Rice bado inafaa kuliko matokeo yake yanavyoonyesha, kwa masharti. Jaza kwanza kikokotoo cha gharama kwenye tovuti ya chuo kabla ya kumpigia kocha, kisha fomu za kuombea msaada, FAFSA na CSS Profile. Mwenye uraia au kadi ya kijani ana njia pana. Mwenye viza ya mwanafunzi asitegemee malipo ya jina na sura, maana masharti ya viza yanabana kazi. Kijana ajiandikishe NCAA mapema: masomo ya msingi 16 na wastani wa 2.3 ni kiwango cha NCAA tu, udahili wa Rice unataka zaidi ya hapo kwa mbali. Mbele ya kocha, ulizia kwa maandishi: asilimia hii ni ya mwaka mmoja au minne? Akiumia bega, inabaki? Mna warushaji wangapi wa umri wake? Na kikosi kikipunguzwa hadi 34 kabla ya msimu, anayekatwa anabaki na nini? Mtu anaweza kukatwa akiwa ameshalipia muhula wote wa kwanza.

Shabiki aliye na tiketi moja tu anunue ya Ijumaa, anaporusha bora wao. Kaa nyuma ya sahani, uhesabu straiki, yaani mipira mizuri ya mrushaji, za mpira wa kwanza kwa kila mpigaji. Zikifika sita katika kumi, baki hadi mwisho. Zikiwa nne, toka awamu ya sita. Treni inakuwa na nafasi.