Kozi ya kusoma michoro kwa mafundi wa kuchomelea, Nzuguni Dodoma

Jamani nimempeleka mdogo wangu kwenye kozi fupi ya karakana moja huku Nzuguni na nimeridhika kabisa. Kuchomelea alikuwa anajua tayari, shida ilikuwa mteja akija na mchoro wa geti au kenchi anabaki kuukodolea macho. Sasa hapa hawaanzii ubaoni, unapewa mchoro na maboksi na mkasi, unakata unakunja mpaka umbo litoke, ndo unaenda kwenye chuma chenyewe, unapima, unachora kwa chaki, unakata na grinda, unashikiza vidoti kwanza, mwalimu anakuja na skwea na tepu mnalinganisha na karatasi kabla ya kuchoma moja kwa moja. Ukikosea milimita kadhaa unaiona hapo hapo, sio ukishapaka rangi.

Zile alama za kuchomelea zinazochorwa kwenye mchoro nazo anazisoma sasa. Kwa michoro ya mfumo wa Kimarekani pembetatu (alama ya kuchomea kwenye kona vyuma viwili vinapokutana) ikiwa chini ya mstari wa mlalo wenye mshale unachoma upande mshale ulipogusa, ikiwa juu ni upande wa pili, kiduara pale mstari unapokunjika maana yake zungusha kote, kibendera ni kazi ya kuchomea saiti. Fundi mwenye uzoefu mkubwa tu unakuta hajawahi kuelezwa hivi!

Kasoro ni grinda chache, watu wanasubiriana sana, na nakala za michoro zimefifia mpaka vipimo vingine havisomeki. Waongeze hivyo tu. Mwenye kijana wa kazi hii ampeleke, ila abebe miwani yake na glavu.