AC ya kuhamisha au feni: Luku inakwendaje?

Joto la Dar la Januari halina adabu jamani, usiku unageuza mto mara kumi na bado umeloa, kwa hiyo naelewa kabisa mtu akitamani ile AC ndogo ya magurudumu. Ila piga hesabu kwanza. Nyingi zinakula kama wati 1,200 hivi, ukiiwasha kwa muda wa saa 8 kila usiku ni yuniti 9 na nusu, na kwa sie tunaopata yuniti 28 kwa elfu kumi, mwezi unafika karibu laki. Feni ya wati 60, saa zilezile, haifiki yuniti 15 mwezi mzima, yaani elfu tano na kidogo!

Kweli feni haipoozi chumba, inapuliza tu jasho likauke, lakini ile AC nayo bomba lake moja linatoa hewa nje, basi joto jipya linapenya chini ya mlango, na bomba lenyewe ukiligusa ni la moto.

Mi ningebaki na feni, AC niwashe kwa muda wa saa moja tu mtoto asinzie.