Fundi wa gita Ngamiani: nilipeleka hela ya pikapu, nikarudi na mfupa

Gita langu ni Squier Stratocaster, lile la Affinity. Nililinunua mkononi kwa mtu hapa Tanga mwezi wa tatu kwa shilingi 380,000. Huu ni mwaka wangu wa pili wa kujifunza, na hamu yangu yote ni solo za dansi, zile zinazopanda hadi freti ya 12 (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo) na kubaki huko huko. Huko ndiko gita liliponishinda. Nyuzi zilikaa juu mno, robo saa tu vidole vinawaka moto. Nikityuni, nyuzi zikiwa wazi zinaitikia vizuri, nikibonyeza huku juu sauti inapanda kupita noti yenyewe.

Nikaamini dawa ni pikapu mpya, yaani zile sumaku zinazonasa mtikisiko wa nyuzi. Nikaweka akiba laki mbili.

Fundi ni mzee aliyewahi kupiga rithimu kwenye bendi. Hakulichomeka gita popote. Alibonyeza uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na pale shingo inapokutana na kiwiliwili, akachungulia upenyo wa katikati. "Shingo imepinda, mwanangu. Pikapu hazina kosa. Hiyo hela rudi nayo." Kwa neno hilo tu nampa heshima yake, maana angeweza kuzipokea.

Alikaza chuma cha ndani ya shingo kwa alenki kupitia tundu la kichwani, robo mzunguko, akasubiri, robo nyingine. Kisha akashusha nyuzi darajani: uzi wa sita ulikuwa karibu milimita 3 juu ya freti ya 12, sasa ni 1.8. Uzi ulio juu hunyooshwa zaidi ukibonyezwa, ndiyo maana sauti ilikuwa inapanda. Kilichobaki alikimaliza kwa kurudisha nyuma vidaraja, vile vipande vinavyobeba kila uzi pale darajani, kimoja kimoja, akilinganisha na mashine ya kutyuni.

Lakini kazi iliyonifurahisha ni mfupa. Kile kipande cha plastiki kinachobeba nyuzi upande wa kichwani kilikuwa kinazing'ang'ania. Nikivuta uzi mara mbili, tyuni imehama. Mzee ana mifupa ya ng'ombe kutoka buchani, ameichemsha kuondoa mafuta na kuikausha muda mrefu. Alikata kipande, akakisugua kwa msasa mpaka kikaingia pale bila kulazimishwa, akachonga mifereji sita kwa tupa ndogo, kila mmoja kwa unene wa uzi wake. Mwisho akapitisha ncha ya penseli ndani ya mifereji ili nyuzi ziteleze. Nilikaa pale saa nzima nikitazama mikono yake. Sasa navuta nyuzi nitakavyo, na tyuni inarudi.

Tundu la waya lililokuwa linakatakata sauti alililehemu upya. Kitufe cha sauti kilichokuwa kinakwaruza alikipulizia dawa ya kusafishia umeme.

Gharama: kuweka sawa 35,000, mfupa 25,000, kulehemu 10,000.

Sasa lawama. Aliniambia siku tatu, zikawa tisa, na simu hapokei. Bisibisi ilimteleza ikaacha mchubuko kwenye bamba jeupe. Aliniomba radhi mwenyewe kabla sijauona, lakini mchubuko upo. Risiti haandiki. Na ule mvumo wa pikapu za koili moja nikikaa karibu na taa haujaondoka. Kama hicho ndicho kinachokukera, kazi hii haitakitibu, hapo pikapu zina hoja.

Nenda asubuhi, kabla watu hawajajaa kwake. Nenda na seti ya nyuzi utakazoendelea kutumia, mimi nilibeba D'Addario za 10 hadi 46 (namba hizo ni unene wa uzi kwa sehemu za elfu za inchi), kwa sababu ukibadili unene baadaye mvuto unabadilika na shingo inahama tena. Yeye huuza namba 9 tu.